Kidole cha Altaïr na fundi wetu wa Chikongola

Mhariri, wiki hii mmeuliza ni silaha gani ya kwenye gemu yenye hadithi nzuri kuliko zote. Yangu ni kisu cha siri cha Assassin's Creed. Ila si kisu kinachoninyima raha, ni kidole, na nyie kidole hamkukiuliza.

Kwa asiyecheza: gemu ya kwanza, ya 2007, inamweka Altaïr, muuaji wa kundi la siri, Nchi Takatifu mwaka 1191, wakati wa Vita vya Msalaba. Kisu kimefungwa kigashani kwake, na kikichomoka kinapita pale kidole cha pete kilipopaswa kuwa. Kidole kimekatwa. Ni kiapo, ukishakitoa huna pa kurudi. Gemu ya pili, ya 2009, Leonardo da Vinci anamwambia Ezio, muuaji wa gemu hiyo, aweke mkono mezani, anashusha panga, linakita kwenye ubao, kisha anacheka: kisu kimeshaboreshwa, baki na kidole chako. Halafu 2017 ikaja Origins, Misri ya Cleopatra, ikatuambia Bayek, mwanzilishi wa kundi hilo, alipoteza kidole kwa ajali tu, akikabana na adui kwenye bafu la Alexandria. Waliomfuata ndio wakaanza kujikata kwa hiari. Hilo lilinichukiza. Kiapo kizima kinageuzwaje kuwa ajali?

Kibanda cha gemu tulichokuwa tunacheza hapa Mtwara, Chikongola, kilipakana na karakana ya seremala. Fundi hakuwa na kidole cha pete mkono wa kushoto. Msumeno ulikipitia akipasua mkongo. Siku moja alikuja kumtafuta kijana wake, akasimama nyuma yetu Altaïr akiwa anapanda mnara. "Huyu kakatwa kidole," akasema. Sisi tuliokuwa tunashinda mle hakuna aliyekuwa ameona. Tukamweleza habari ya kiapo. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Sasa wanangu, mtu wa kazi ya siri anajitia alama? Mimi soko zima linanijua kwa mkono huu."

Umeme ulipokatika tukahamia karakanani kwake, kama kawaida yetu. Kijana wake mkubwa alikuwa anapiga randa ubao wa mlango. Vidole vyake vyote vitano vipo, lakini mkono wa kushoto, uliokamata pua ya randa, alikuwa amekunja kile cha pete kikaingia kiganjani. Pembeni yake mdogo zaidi, ambaye randa alifundishwa na huyo kijana na si na fundi, naye kakunja. Nikamuuliza mbona anakikunja. Akanitazama kama nimeuliza mbona anavaa viatu. "Ndivyo inavyoshikwa," akasema, akaendelea. Maranda yalikuwa yanamwangukia miguuni, membamba, yamejikunja vizuri. Kazi safi kabisa.

Nikiandika haya naona Origins haikumvunjia mtu heshima. Ajali ya mmoja inageuka ustadi kwa wa pili, kwa wa tatu inakuwa sheria, na wa nne hajui kama palikuwa na ajali. Altaïr ni yule mdogo wa kwenye karakana. Alikitoa kidole kwa moyo wake wote, na moyo huo haupungui kwa sababu Bayek hakupanga.

Swali la fundi lakini linabaki. Wanizari wa kweli, Washia wa zama hizo ambao gemu imechota kwao, hawakuhitaji chombo cha kuficha mkononi; Conrad wa Montferrat, kiongozi wa Wanamsalaba, walimuua barabarani mjini Tiro mwaka 1192 kwa visu vya kawaida. Usiri huu wote ni wa watunga gemu.

Basi kura yangu ni kisu cha Bayek, kwa sharti kwamba msikichanganye na nyongeza za Odyssey, gemu nyingine ya mfululizo huu, zinazokirudisha hadi kwa Darius, ambaye kwenye hadithi yao ndiye aliyemuua Xerxes wa Uajemi. Darius alikivaa juu ya mkono, kidole chake kikabaki salama, na mimi hadithi ya kisu hicho bila kidole sina haja nayo.