Kuhusu hiyo "mlango kusonga kidogo tu"

Wewe unayesema ile filamu ya kutisha Paranormal Activity ni watu wawili wanalala alafu mlango unasonga kidogo, eti bando yako imeenda bure, si hapo ndo utamu wenyewe uko buda. Director wake, Oren Peli, aliishutia kwa nyumba yake mwenyewe San Diego mwaka wa 2006, bajeti kama dola 15,000, hiyo hapa Nairobi ni kama bei ya gari ya mtumba, na ikaingiza zaidi ya dola milioni 190.

Cheki zile saa za kamera yao ya chumbani, pale kona ya chini ya skrini. Zinakimbia zinakimbia alafu ghafla zinarudi mwendo wa kawaida, na hapo unajua kitu kinakuja, roho inaanza kudunda kabla hujaona chochote. Na ile Katie, yule dem wa hiyo filamu, anaamka anasimama tu kando ya kitanda masaa mazima akimwangalia boyfriend wake Micah amelala, hakuna damu hakuna muziki, mimi hiyo siwezi rudia nikiwa peke yangu.

Kitu nakubaliana na wewe ni huyo Micah, huyo anakera, ameonywa asichokoze hilo pepo na bado analitukana, aii.

Lakini umesema uliiona kwa simu ukienda Rongai. Kwa ile matatu, ngoma ikipiga hivyo, ulitarajia kusikia nyayo kwa ngazi saa ngapi? Irudie usiku, na utafute yenye mwisho ule ulionyeshwa kwa majumba ya sinema, kwa sababu kuna kopi zinazunguka na mwisho tofauti kabisa.