Shule za Jamaika na bei ya sukari

Mwanangu,

Umeniuliza kwa nini shule za Jamaika zilifurika watoto pale watumwa walipopata uhuru kamili 1838, kisha zikapungua, na kama ni kweli wazazi "walichoka na elimu". Si kweli hata kidogo.

Uingereza, iliyoitawala Jamaika, iliwalipa mabwana wa watumwa pauni milioni 20. Watumwa wenyewe hawakupewa kitu. Shule zao zilitengewa ruzuku iliyoanza 1835: serikali ilitoa theluthi mbili za gharama ya kujenga, theluthi moja ikawa juu ya wamisionari. Ikakoma 1845. Mwaka uliofuata Uingereza ikaanza kuondoa nafuu ya ushuru iliyolinda sukari ya makoloni yake. Bei ikaporomoka, mashamba ya miwa yakafungwa, vibarua vikawa haba. Shule zilidai ada kila wiki; mzazi angeitoa wapi?

Wengi walikuwa wameshahamia milimani kulima viazi vikuu na ndizi, wakiuza sokoni Jumamosi. Kwa hiyo Ijumaa mtoto alihitajika shambani, kuvuna na kufunga mizigo, na mahudhurio ya siku hiyo yalikuwa mabaya.

Utaratibu wa 1867 ndio unaoniuma zaidi. Ruzuku ya serikali ya koloni kwa shule ilipimwa kwa mtihani wa mkaguzi na kwa mahudhurio. Kijiji maskini kikapata alama ndogo, hivyo fedha ndogo, hivyo kikashindwa kumweka mwalimu mzuri, na mkaguzi aliporudi alama zilikuwa zimeshuka tena. Walimu nao wakawakaririsha watoto kwa ajili ya siku hiyo moja. Umaskini wa mzazi ukageuzwa kosa la mtoto.

Ada ilifutwa 1892, ila kodi ya nyumba ikaletwa kuziba pengo. Sukari ya Ulaya itokanayo na viazisukari ilikuwa imeshaiangusha bei upya, na tume ya elimu ya 1898 ikataka matumizi yapunguzwe, watoto wafundishwe zaidi kilimo. Ilhali wazazi waliwapeleka shule ili waliepuke jembe.

Katika tasnifu yako, usitegemee idadi ya walioandikishwa peke yake. Iweke sambamba na wastani wa mahudhurio, halafu na bei ya sukari ya mwaka uleule. Pengo kati ya walioandikishwa na waliohudhuria likipanuka, chunguza kwanza ujira na mavuno kabla hujaandika kwamba wazazi hawakuwa na hamu.

Mama yako