Protini yako ya kukarabati DNA ikikosa rangi, simama kwanza

Wadogo zangu mnaoanza masters au PhD na mmepewa protini za kukarabati DNA kama MutY, EndoIII au XPD mzisafishe maabara, yaani mzitenge na protini nyingine za bakteria, naomba mnisikilize kwa hili moja la rangi, mimi lilinilia miezi minne.

Nilikuwa na MutY ya bakteria E. coli. Kazi yake ni hivi: oksijeni ikiharibu guanini kwenye DNA inageuka kuwa 8-oxoG, na hiyo wakati wa kunakili inadanganya, inapangwa na adenini badala ya saitosini, sasa MutY inakuja kuing'oa ile adenini iliyokaa pasipo pake kabla kosa halijawa la kudumu. Ndani yake kuna klasta, yaani kishada cha atomu 4 za chuma na 4 za salfa, kimeshikwa na sisteini 4, na ndicho kinachoipa protini rangi ya kahawia yenye unjano, kama chai ya rangi.

Yangu ilitoka nyeupe kama maji. Nikafurahi jamani, nikadhani ndo usafi wenyewe, nikapiga jeli, ile inayotenganisha protini kwa ukubwa, nikapata bendi moja tu pale kwenye kilodaltoni 39 (kipimo cha uzito wa protini). Basi nikaanza kuiwekea DNA, haishiki. Nabadilisha chumvi, haishiki, nabadilisha pH, naagiza DNA upya, hela ya mradi inaisha, silali. Mpaka siku dada mmoja wa maabara ya jirani kaishika tyubu yangu, kaiinua kwenye mwanga wa dirisha, kaniuliza, "Mbona hii haina chuma?"

Jeli haioneshi kishada. Sampuli tunaichemsha, kishada kinatoka, kwa hiyo protini yenye chuma na isiyo na chuma zinakimbia sawasawa kabisa. Na MutY bila kishada inajikunja vizuri tu, ila DNA haiishiki inavyotakiwa. EndoIII ndo ilitangulia kujulikana ina kishada hiki, 1989, XPD ikaja 2006, na mpaka leo watu wanabishana kinafanya nini hasa, kundi la Jacqueline Barton kule Caltech wanasema enzaimu zinapitishiana elektroni kupitia DNA yenyewe ili zijue wapi pameharibika, wengine hawajakubali. Wewe shika upande wowote, ila kishada kisipokuwepo huna cha kupima.

Na hili linagusa watu. Binadamu tuna MUTYH, mtu akirithi nakala zote mbili mbovu anaota vinyama vingi kwenye utumbo mpana na hatari ya kansa inapanda, ilijulikana 2002. Sasa ukipima mutesheni, yaani badiliko la jeni, ya mgonjwa kwa protini isiyo na chuma utaandika kwamba mutesheni imeua enzaimu kumbe umeiua wewe mwenyewe kwenye chupa ya kukuzia bakteria. Hilo linaniuma sana.

Kosa langu lilianzia hapo hapo kwenye chupa. Niliwasukuma bakteria kwa nyuzi 37 watengeneze protini nyingi haraka, vishada havikutosha. Siku hizi nashusha hadi 18 usiku kucha, naongeza chuma na sisteini kwenye chakula chao, na ikigoma nawawekea bakteria plasmidi, yaani kipande cha DNA cha duara, yenye jeni za isc zinazotengeneza vishada. EDTA, kemikali inayonyakua metali, siigusi. Halafu kwenye kolamu ya nikeli, ile inayonasa protini tunayoisafisha, msimwage DTT nyingi (kemikali ya kuzuia protini isiharibiwe na oksijeni), inageuza rezini yenyewe, yaani chembe zilizojaa kwenye kolamu, kuwa kahawia na utashangilia bure, kwa kazi hiyo tumieni beta-mekaptoethanoli. Msiilaze protini kwenye friji siku tatu mkisubiri wikiendi iishe, oksijeni inakula kishada taratibu, igandisheni siku hiyo hiyo kwa vipimo vidogo vidogo.

Kisha pima mwanga kwenye nanomita 410. Kwa MutY na EndoIII gawanya kwa 17,000 kwa mola kwa sentimita (namba ya jinsi kishada kinavyomeza mwanga), upate kiasi cha kishada, linganisha na kiasi cha protini. Nilipoipima ile yangu ya zamani, karibu protini 7 kati ya 10 zilikuwa tupu, nikaimwaga yote.

Ile mpya niliiona kwa macho ikishuka kwenye rezini ya bluu, mkanda mwembamba wa kahawia unatembea polepole, nikaita watu waje waone. Jioni ile ile ilishika DNA.