Re: Shokabzoba za drag zitafaa kwa gari ya kila siku?

Zii bro, usiweke shoki za drag (zile mbio za kuchomoka kwa mstari ulionyooka) mbele kama hiyo gari ndio unaenda nayo kazi. Zile za 90/10, yaani ugumu karibu wote uko kwa kubonyea na kidogo tu kwa kufunguka, zinafunguka chap na kurudi polepole, ndio pua iinuke, uzito uende nyuma tairi zishike ukichomoka, sasa hiyo pua ikipita matuta ama ukiingia nayo kona za Limuru Road itaelea kama boti. Na hapo naongea kuhusu gari inayosukumwa na tairi za nyuma, kama yako inavutwa na za mbele unataka kinyume, pua ikae chini. Mimi ningechukua zile za kurekebisha na kinobu, unalegeza ribaundi (vile shoki inafunguka) siku ya mbio, ukimaliza unakaza. Lakini cheki bushi (zile raba za kwa suspension) kwanza aki, zikiwa zimeisha utanunua shoki bure.