EOL sio waranti jamani: kwa madogo mnaoingiza vifaa kwenye Snipe-IT

Nimemkuta dogo wa fildi anajaza EOL (end of life, mwisho wa sapoti) za swichi za mtandao kwenye Snipe-IT, ile programu ya kuorodhesha vifaa vya ofisi, kwa kukopi kolamu ya waranti, nikamuuliza vipi tena, akanijibu "si zote ni tarehe za mwisho kaka". Nikanywa maji kwanza. Kila kundi jipya linakuja na hii hii, nawapenda lakini mnanichosha, so naandika mara moja ili siku nyingine nimtumie mtu asome mwenyewe.

1. Waranti ni mpaka lini mtengenezaji atakubadilishia bure kikifa. Uchakavu ni mambo ya mhasibu na TRA, kompyuta inakatwa asilimia 37.5 ya thamani iliyobaki kila mwaka, na kwa hesabu hiyo haifiki sifuri hata wajukuu zako wakishaajiriwa. EOL ni lini mwenye bidhaa anaacha kuitolea apdeti na sapoti. Tarehe tatu, kila moja na mwenyewe.

2. Ile EOL unayoweka kwenye modeli, yaani aina ya kifaa, ni kujumlisha tu. Unaandika miezi 60, programu inachukua tarehe ya kununua inaongeza miezi 60, basi, haijui lolote kuhusu Dell wala Microsoft. Na hapa ndo mimi niliumbuka, ngoja niwape yote.

2021 ofisi niliyokuwepo ilikuwa na watu wengi wapya na hela kiduchu, tukachukua kompyuta za Dell, OptiPlex 7040 za rifabishi (zimetumika zikakarabatiwa), mzigo wa Uingereza, safi kabisa, zingine bado zina stika ya shule ya huko ubavuni na namba zake za mali. Mimi ndo niliyeziingiza kwenye mfumo. Tarehe ya kununua nikaweka ya risiti yetu, Septemba. EOL miezi 60, kwasababu siku hizo kila kitu nilikuwa nakipa miezi 60, hata projekta. Mfumo ukaniambia Septemba 2026, nikauamini. Mwanzoni mwa 2025 kwenye kikao cha bajeti bosi akauliza kuna kompyuta za kubadilisha mwaka ujao wa fedha, nikafungua ripoti kwenye skrini mbele ya wakuu wa idara wote, nikachuja mpaka Juni 2026, hakuna hata mstari mmoja. Nikasema kwa kujiamini kabisa "tuko vizuri". Hela ikaenda kwenye viyoyozi.

Sasa 7040 ina prosesa ya Intel ya kizazi cha 6. Windows 11 inataka kizazi cha 8 kwenda juu na TPM 2.0 (chipu ya usalama), na Windows 10 mwisho wake ulikuwa 14 Oktoba 2025, tarehe ambayo ilikuwa wazi hata kabla hatujanunua hizo mashine. Haikuwa siri ya mtu. Ningechukua sevisi tagi moja tu (namba ya Dell kwenye stika ya mashine) nikaiingiza kwenye tovuti ya Dell ningeona imetoka kiwandani 2016, yaani tunazipokea zimeshakula miaka mitano kwa watu. Aliyegundua ni kijana wa helpdeski, Agosti, alijaribu kupandisha mashine ya mapokezi kwenda Windows 11 ikagoma, akajaribu ya jirani ikagoma, akaja kunionyesha picha kwenye simu huku anacheka, akidhani nina mpango. Sina mpango. Bajeti imepita tangu Julai. Ikabidi nipande kwa bosi kuomba hela ya ESU, zile apdeti za usalama za kulipia baada ya Windows 10 kufika mwisho, dola 61 kwa kila mashine kwa mwaka wa kwanza na mwaka unaofuata inakuwa mara mbili, yaani unalipia mashine kuukuu iendelee kuwa kuukuu. Hakugomba. Alisema tu "hebu fungua ile ripoti yako". Nikafungua. Bado ilikuwa inasema 2026, kwa rangi ya kijani.

Tukalipia za uhasibu na mapokezi, zingine tukazitoa kwenye mtandao. Kwahiyo rifabishi hesabu kuanzia kiwandani, na matoleo ya sasa ya Snipe-IT yanakuruhusu kuandika tarehe ya EOL kwenye kifaa kimoja kimoja, itumie. Mwisho wa Windows utengenezee kolamu yake pembeni.

3. Tangazo la Cisco lina tarehe kibao, unayoitaka ni siku ya mwisho ya sapoti, na mara nyingi ni miaka mitano baada ya mwisho wa kuuzwa. Swichi yao ya Catalyst 2960-X iliacha kuuzwa 31 Oktoba 2022 na sapoti ni mpaka 31 Oktoba 2027. Muuzaji akikupa bei ya ajabu na anakuita mkuu mkuu, soma tangazo kabla hujatoa LPO (oda ya manunuzi).

4. Kwenye CSV, lile faili la kuingizia vifaa vingi kwa mkupuo, tarehe andika hivi: 2025-10-14. Ukiandika 03/04 Excel itaamua yenyewe ni Machi au Aprili na haitakuuliza.

5. Kumbusho liwe miezi 18 kabla ya EOL, sio siku 30. Mwaka wa fedha unaanza Julai, maombi yanakusanywa miezi kibao kabla, halafu kuna tenda, kuna meli, kuna bandari, na kuna yule bwana wa manunuzi ambaye kila ukimtafuta yupo semina Morogoro.

6. Betri za UPS (vile visanduku vya kushikilia umeme ukikatika) hazina tangazo la mtu yeyote, wape miaka mitatu uanze kuzipima.

7. Ukibadilisha hali ya kifaa kuwa "kimestaafu" nenda ukakitoe kwa mikono yako. Kuna 7040 moja niliistaafisha kwenye mfumo, noti nikaandika isiunganishwe mtandao, mwezi uliofuata naikuta chini ya meza ya keshia imewaka, waya wa mtandao umechomekwa, na juu yake kuna hotipoti la chai. Nimeuliza nani kaichomeka, hakuna anayejua.