Kwa nini mafuta ya alizeti hayagandi kama ya ng'ombe?

SWALI: Ndugu Mhariri, hapa kwetu Kongwa, asubuhi za Julai mafuta ya ng'ombe huganda yakawa magumu, ilhali ya alizeti hubaki majimaji, ila hufanya ukungu kidogo chini ya chupa. Tumefundishwa kwamba kadiri molekuli zinavyokuwa nzito ndivyo zinavyovutana zaidi, na hivyo huhitaji joto kubwa zaidi ili ziyeyuke au zichemke. Je, mafuta ya alizeti ni mepesi, au ukungu huo ni dalili ya kuchakachuliwa?
Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

JIBU: Si mepesi. Mafuta yote mawili yamejengwa kwa asidi za mafuta, yaani minyororo ya atomi za kaboni, zilizoshikamana tatu tatu kwenye molekuli ndogo iitwayo gliseroli, na nyingi kati ya asidi hizo zina atomi 18 za kaboni. Kanuni mliyofundishwa ni ya kweli kwa molekuli za jamii moja. Nje ya hapo hupotosha: uzito wa molekuli ya maji ni 18 na wa methani ni 16, lakini maji huchemka kwa nyuzi 100 za Selsiasi (hapa Dodoma, kwa sababu ya mwinuko, pungufu kidogo) na methani kwa nyuzi 162 chini ya sifuri, kwa kuwa maji hushikana kwa vifungo vya haidrojeni ambavyo methani haina.

Katika mafuta, tofauti inatokana na umbo. Asidi ya steariki, ambayo mafuta ya ng'ombe yanayo kwa wingi kuliko alizeti, ina mnyororo ulionyooka. Ya linoleiki, iliyo nyingi katika alizeti ya kawaida, ina vifungo maradufu viwili (mahali ambapo atomi mbili za kaboni zimeshikana mara mbili) vinavyoupinda mnyororo. Mvutano kati ya minyororo hiyo hufifia upesi nafasi ikiongezeka hata kidogo, na minyororo iliyopinda, kama fito zilizopinda ndani ya mzigo, huacha mianya. Ndiyo maana steariki huyeyuka kwa nyuzi 69, na linoleiki karibu nyuzi 5 chini ya sifuri.

Nadhani darasani hupitwa haraka mno jambo hili: umbo huathiri kuyeyuka kuliko kuchemka. Kuyeyuka ni kuvunja mpangilio, ilhali katika kimiminika mpangilio huo umekwisha kuvurugika, kwa hiyo steariki na oleiki, yenye kifungo maradufu kimoja, hutofautiana sana katika kuyeyuka lakini viwango vyao vya kuchemka hukaribiana.

Kuhusu ukungu, maganda ya alizeti yana nta yenye minyororo mirefu iliyonyooka, ambayo hujitenga mafuta yasiyosafishwa kiwandani yanapopoa. Mafuta ya mawese yakichanganywa na ya alizeti pia yanaweza kuleta ukungu, kwa hiyo dalili hiyo peke yake haitoshi kumhukumu muuzaji.