Mtafute Joseph Plateau wa Ubelgiji

Umeuliza kama karne ya 19 ilikuwa na mwanasayansi kipofu aliyevumbua kitu cha maana. Yupo ndugu yangu, anaitwa Joseph Plateau, kazaliwa Brussels 1801. Mwaka 1832 alitengeneza fenakistiskopu, yaani kisahani chenye michoro na matundu membamba pembeni, unakizungusha mbele ya kioo unachungulia kwenye matundu unaona mchoro unacheza kabisa, na hiyo ni miaka mingi kabla ya sinema.

Akapofuka kabisa 1843. Watu wengi wanasema ni kwa sababu alilikodolea jua macho kwenye jaribio lake 1829, lakini siku hizi wataalamu wanaona ni ugonjwa wa macho tu, maana kati ya lile jaribio na upofu ilipita miaka mingi sana.

Sasa mimi kinachonigusa ni baada ya hapo, jamaa haoni kitu lakini anaendelea kuchunguza mapovu ya sabuni, anapanga jaribio kichwani, mwanae Félix na wenzake wanachovya fremu za waya kwenye maji ya sabuni na gliserini halafu wanamsimulia wanachokiona! Ndo akaja na kanuni zake, kwamba tando za mapovu zinakutana tatu tatu kwa pembe ya nyuzi 120, na akatoa kitabu kizima 1873. Alifariki Ghent 1883, na wanahisabati bado wanafundishana “tatizo la Plateau”, yaani kutafuta utando wenye eneo dogo kabisa unaoweza kuziba fremu fulani, mpaka leo.